Kinachoua ni Uvumi: Barua ya Wazi kwa Wanaochagua Vitabu vya Shule

Kwenu mnaoidhinisha vitabu vya fasihi vya shule zetu, kwenu maafisa elimu na wathibiti ubora, na kwenu mnaosimamia maktaba za umma na za shule,

Shikamooni mlionitangulia, wengine, habari za kazi.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari ya kata mkoani Tanga. Nawaandikia kuhusu hadithi fupi za kutisha, zile za mizuka, majini, misukule na wachawi. Wanafunzi wangu wanazipenda kuliko maandishi mengine yoyote ya Kiswahili, nasi wakubwa tumezoea kujifanya hatuzioni. Shuleni kwetu tumepita hata hapo. Klabu ya usomaji ilikuwa na kasha la hadithi za namna hiyo, chache zimechapwa, nyingi zimenakiliwa kwa mkono, na wanafunzi waliziazima kwa kuandika majina kwenye daftari. Likaja agizo kwamba kasha liondolewe kwa sababu "linafundisha uchawi". Agizo lilitolewa kwa mdomo, kwenye chai ya saa nne, na aliyelitoa akamalizia kikombe chake akaondoka. Nilipouliza ni hadithi ipi hasa yenye kosa, hakuna aliyekuwa amesoma hata moja.

Sitaji mtu wala ofisi. Nimewasikia walimu wenzangu wa wilaya nyingine wakisimulia mambo yaleyale, kwa hiyo shida haiko kwa bwana fulani. Iko kwenye mazoea ya kuona neno "jini" kwenye jalada na kufunga kitabu kabla ya kukifungua.

Ngoja niwasimulie moja ya hadithi zilizokuwa kwenye kasha lile. Imeandikwa kwenye kaunta buku la kwaya mbili lililofunikwa gazeti, kwa peni ya bluu iliyoishiwa wino katikati ikamaliziwa na nyeusi. Mwandishi ni msichana wa kidato cha pili ambaye ripoti zake zinasema hajitumi kwenye insha. Hadithi haizidi kurasa tatu.

Binti amepanga chumba kwenye nyumba yenye uwanja wa mchanga. Kila usiku, kwenye saa nane, anasikia mtu anafagia nje kwa ufagio wa chelewa: chwaa, chwaa, chwaa. Asubuhi uwanja ni safi, mistari ya ufagio imenyooka, na hakuna unyayo hata mmoja, hata wake mwenyewe aliouacha jioni akienda kuoga. Anawauliza wapangaji wenzake. Kila mmoja alidhani anayefagia ni mwenzake. Mwenye nyumba anacheka, anawaambia washukuru wamepata wa kuwafagilia bure. Usiku mmoja binti anachelewa kutoka kazini. Anaingia uwanjani, anapiga hatua tatu, na nyuma yake, karibu kabisa, anausikia: chwaa. Anapiga hatua nyingine. Chwaa. Anatambua kwamba nyayo zake zinafutwa moja moja kadiri anavyokanyaga. Hageuki. Sentensi ya mwisho inasema kwamba asubuhi dalali alimleta mpangaji mpya, akamhakikishia kuwa chumba kile kina zaidi ya mwaka hakijapata mtu.

Basi. Hakuna mganga, hakuna damu, hakuna bibi kizee anayeruka na ungo. Nilipomaliza kuisoma kwa sauti darasani, swali la kwanza lilitoka nyuma: "Mwalimu, kwa nini hakugeuka?" Pakazuka ubishi uliokula kipindi chote. Kijana mmoja alisema angegeuka tungemwona anayefagia, na tukishamwona hatumwogopi tena. Mwingine alishika kicheko cha mwenye nyumba, akasema yule anajua kitu. Kisha binti aliyezoea kukaa kimya akasema hadithi hii inahusu kupanga: unalipa kodi ya miezi sita, unaishi na watu ukuta kwa ukuta, na siku ukiondoka hakuna anayekumbuka kama uliwahi kuwapo. Mimi nilikuwa sijaliona hilo. Maana ya taharuki nimeiandika ubaoni kila mwaka, wakainakili na kuisahau kila mwaka. Siku ile waliichambua wao wenyewe bila hata kulitaja neno, nikabaki na kazi ya kuwapa jina la kitu walichokwisha kukishika.

Mnaweza kuuliza mvuto wa hadithi hizi uko wapi, maana kwa mtu mzima aliyeshughulika mchana kutwa zinaonekana ni upuuzi wa watoto. Jibu langu la kwanza ni ufupi wake. Hofu haina subira. Ukikaa nayo muda mrefu unaizoea. Riwaya ya kurasa mia tatu lazima ikupumzishe, ikupeleke sokoni na harusini, na ukirudi nyumbani mzuka umeshakuwa jamaa. Hadithi ya kurasa tatu haikupi nafasi hiyo. Unaianza umesimama kwenye foleni ya mashine ya kusaga, unaimaliza kabla debe lako halijafikiwa, na usiku ukienda msalani unaanza kusikiliza vitu ambavyo jana hukuvisikiliza.

Ndiyo maana simulizi za kwenye simu, pamoja na umaarufu wake wote, haziniridhishi. Mnazijua. "Sehemu ya 47." Chini yake wasomaji mia wanalalamika "lete mwendelezo", na mwandishi anajibu kwamba mwenye haraka atume elfu moja apate zote. Simlaumu mwandishi huyo. Ana kodi ya kulipa na hakuna mchapishaji aliyempigia simu. Lakini biashara ile inamkataza kumaliza. Msukule aliyetutoa jasho sehemu ya tano, kufikia sehemu ya sitini amevaa suti, ana kesi ya talaka na anagombea shamba la mirathi. Wanafunzi wangu wanaisoma hivyohivyo kwa sababu ndicho kilichopo. Kipaji kimo humo, tena kingi. Kinachokosekana ni mhariri wa kumwambia, "Kaka, hapa pangetosha."

La pili ni mazingira. Watoto wetu wanakwenda kwenye vibanda umiza kutazama filamu za kutisha za Ulaya na Marekani zilizotafsiriwa kwa sauti juu ya sauti, na humo mzuka hukaa chini ya ardhi kwenye chumba cha kuhifadhia mvinyo, au darini, juu ya ngazi za mbao. Nani hapa Tanga, mtaa wa Mikanjuni, ana chumba cha mvinyo? Wao wana choo cha nje chenye pazia la gunia. Wana korido la bweni lenye taa iliyoungua tangu muhula uliopita, na kisima, na stendi baada ya basi la mwisho. Nje kidogo ya mji wetu kuna mapango ya Amboni, ambako watalii huingia na tochi kutazama mawe, na wenyeji wengine huingia na sadaka zao na kuziacha. Tangu Mombasa hadi hapa kila mtoto amemsikia yule mwanamke wa buibui anayenukia udi, anayeomba lifti usiku, na akiteremka, pindo likiinuka kidogo, dereva anaona kwato. Mtoto aliyekulia hadithi hiyo akiona ukurasa unaoanza na lifti ya usiku, tayari ameshaingia ndani. Hahitaji kwanza kufundishwa nyumba ya Kizungu ilivyo.

Na kuna jambo la tatu ambalo sikulitarajia nilipoanzisha klabu. Wanafunzi hutumia mizuka kusema mambo ambayo insha ya "Siku Nisiyoisahau" haiwatoi. Kijana mmoja aliandika kuhusu mtu anayepokea ujumbe kutoka namba ya baba yake aliyekwisha kuzikwa: "Niko njiani." Ujumbe unakuja kila Ijumaa. Mwishoni tunaambiwa kampuni ya simu imeigawa namba ile kwa mtu mwingine, fundi wa magodoro, ambaye anawatumia wateja wake ujumbe na kukosea. Mhusika anajua ukweli huo. Lakini kila Ijumaa bado anaweka sahani ya pili mezani. Sikumuuliza mwandishi chochote kuhusu nyumbani kwao. Nilimsahihishia tahajia tu.

Sasa nije kwenye sababu zenu za kuzikataa hadithi hizi, kuanzia ile nyepesi, kwamba mizimu si mambo ya shule. Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere, akiwa Rais wa Tanganyika, alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari. Kwenye tamthilia hiyo Brutus amekaa hemani usiku kabla ya vita, mtoto aliyekuwa anampigia muziki amepitiwa na usingizi, taa inafifia, na mzuka wa Kaizari, ambaye yeye Brutus alishiriki kumuua, unaingia na kumwahidi kwamba wataonana huko Filipi, vitani. Baba wa Taifa alikaa akalitafutia Kiswahili tukio hilo, tena katika miaka ambayo alikuwa na nchi changa ya kuendesha. Muda si mrefu S. S. Mushi akatupa Makbeth, tafsiri ya tamthilia nyingine ya Shakespeare, yenye wachawi watatu na marehemu anayekuja kukaa kwenye kiti chake katikati ya karamu. Tamthilia ya Ebrahim Hussein iitwayo Mashetani, ya mwaka 1971, imesomwa na vizazi vya wanafunzi, na sidhani kuna aliyetoka darasani akiwa mwanga. Mchezo wake Kinjeketile, uliotangulia mwaka 1969, unasimama juu ya mtu aliyepandwa na pepo aitwaye Hongo. Zimwi la kwenye ngano linameza watoto, nasi tunalifundisha tangu msingi kwa furaha kabisa na kulitungia maswali.

Kwenye uchongaji ndiyo tumekubali zaidi. Wamakonde wanachonga mashetani ya mpingo, mtindo unaohusishwa na Samaki Likankoa tangu miaka ya 1950: jicho moja, mdomo umepinda, kiungo kimeota pasipotarajiwa. Yanauzwa pale Mwenge na yamesimama kwenye kumbi za hoteli. George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, aliyachora mashetani yenye masikio mapana na vidole vichache, na kazi zake zimetundikwa Ulaya, Marekani na Japani huku sisi tukijivunia. Shetani la mpingo lina kibali; la wino lifungiwe kabatini. Kama kuna waraka unaoeleza tofauti hiyo, nitaomba nakala.

Sababu yenu ya pili ni nzito, na ingekuwa utovu wa adabu kuipita mbiombio. Mnasema katika nchi hii watu wanauawa kwa ajili ya uchawi. Ni kweli. Huko Shinyanga, Mwanza, Geita na Simiyu vikongwe wamekatwa mapanga miaka nenda rudi kwa kosa la macho mekundu, na macho yale yamekuwa mekundu kwa moshi: mama amepika maisha yake yote kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha. Kuanzia mwaka 2007 hivi ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa, wakakatwa viungo, kwa ahadi za utajiri na madini. Wenzetu wa Kilifi, ng'ambo ya mpaka, wana wazee wanaozipaka rangi mvi zao ili wasiitwe wachawi. Tunayo Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928, na Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli, ile tunayoiita ramli chonganishi. Mtu anayeogopa kulichezea jambo hili namwelewa. Mimi mwenyewe naliogopa.

Lakini tazameni mauaji hayo yanavyoanza. Ng'ombe amekufa, au mtoto. Mtu anakwenda kwa mpiga ramli na fedha mkononi. Mpiga ramli hamsimulii hadithi. Anampa jina, na mwenye jina anakaa nyumba ya tatu. Au hatoi jina, anatoa dalili: ni mwanamke, ni mtu wa karibu, macho yake hayatulii. Kuanzia hapo neno hilo linatembea kisimani, kwenye pombe, kwenye pikipiki, na kila anayelipokea anaongeza lake. Halina mwandishi. Huwezi kumrudia mtu ukamuuliza, "Hili umelijuaje?" maana kila mmoja amelisikia kwa mwenziwe.

Popobawa, jini aliyedaiwa kuwavamia watu usiku vitandani, ndiye mfano ninaowapa wanafunzi. Mwaka 1995 alianzia Pemba, akaja Unguja. Watu walitoka vitandani mwao wakalala nje makundi kwa makundi, wamekoka moto, kila mtu akiogopa kufumba macho ndani ya chumba chake. Katika yote yaliyosemwa, lililo muhimu kwangu ni hili: ilisemekana kwamba aliyetembelewa na kiumbe yule lazima awatangazie wenzake, la sivyo atarudiwa. Uvumi uliobeba amri ya kuusambaza! Na Unguja umati ulimuua mtu mwenye maradhi ya akili, ukidhani ndiye. Zamani zaidi, enzi za wakoloni, watu wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala walinong'onezana kuhusu mumiani, wale watu wa zimamoto waliodaiwa kukamata wapita njia usiku na kuwatoa damu. Kwa kuwa habari hiyo inasafiri kwa mdomo, bila mwanzo, kati wala mwisho, kila kizazi kinaipata mbichi. Bibi zetu walituambia tusitembee jioni, na bado nasikia akina mama vijana wakiwaambia watoto wao vilevile, gari tu ndilo limebadilika.

Hadithi fupi iliyoandikwa ina mtu wa kuulizwa. Jina lake liko juu. Msomaji anajua tangu mstari wa kwanza kwamba mtu huyu amekaa akatunga, na anaweza kumbishia, kama wale watoto walivyobishania kicheko cha mwenye nyumba. Ina mahali inapoishia, na ikiisha inabaki pale kwenye karatasi. Na iliyo bora hukufundisha kumshuku anayesimulia. Mtoto aliyezoea kujiuliza "huyu anayetuambia haya anafaidika nini?" ndiye mtoto ninayetamani awepo siku mtu atakapoingia kijijini na dalili zake za macho yasiyotulia. Uvumi hauulizwi swali hilo. Ndiyo maana nasema kinachoua ni uvumi, na kwamba kuzifungia hadithi kabatini kunauachia uvumi uwanja mzima.

Fasihi yetu iliyajua hayo mapema. Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960, anatuwekea maiti kwenye mzimu, mahali ambapo watu wanaogopa hata kupita. Kisha anamleta mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, ambaye haridhiki na jibu la mizimu, anauliza maswali, anapima maneno ya kila mtu, hadi anampata muuaji mwenye nyama na damu. Mnatishika, kisha mnafikiri. Said Ahmed Mohamed naye, katika Babu Alipofufuka, anamtoa babu kaburini aje kumkabili mjukuu aliyeneemeka huku watu wake wakiangamia. Mzuka pale ni mwenye haki, na anayestahili kuogopa ni mheshimiwa. Nanyi wenyewe mmetusomeshea kwa miaka mingi Takadini, kisa cha mama anayemtorosha mtoto wake mwenye ualbino kwa sababu mila inataka auawe. Hamkuogopa kwamba kitabu kile kitafundisha kuua watoto. Mlimwamini msomaji.

Sitetei kila kitu, lakini. Zipo simulizi ambazo ningezitoa kwenye kasha mwenyewe, na nyingine nimezitoa. Ile ambayo mchawi lazima awe kikongwe mjane, macho mekundu, anaishi peke yake mwisho wa kijiji, na mwisho anachomwa moto kijiji kikishangilia: hiyo ni ramli iliyopigwa chapa. Ile inayomtumia mtu mwenye ualbino kama kitu cha kutishia, anatokea gizani ili msomaji aruke. Ile ambayo kila balaa linatatuliwa na mganga wa ajabu, na kwenye ukurasa huohuo wa gazeti kuna tangazo la mganga wa kweli mwenye namba ya simu. Hizi nimezisoma na wanafunzi kwa makusudi, tukazipasua. Tuliuliza: huyu bibi amefanya nini hasa, ukurasa gani? Darasa lilitafuta. Hakuna ukurasa. Alikuwa amezeeka tu. Kuna binti mmoja alisema bibi yake yuko hivyo hivyo, macho na kila kitu, kisha akacheka, lakini hakucheka vizuri. Somo lile nisingeweza kulifundisha kwa kutumia bango la haki za wazee, na mabango tunayo, yamebandikwa ofisini.

Kwa hiyo ninachoomba kinahusu namna mnavyochuja. Mhakiki anayepitia mswada asiishie kwenye orodha ya maneno: jini, mzimu, kaburi, basi haufai. Aulize hadithi hii inamwelekezea nani kidole, na kidole hicho kina ushahidi gani ndani ya hadithi. Kama hofu imewekwa juu ya kundi la watu ambao mitaani tayari wanaishi kwa wasiwasi, ikataeni, tena kwa maandishi, mkieleza. Kama hofu imewekwa kwenye ufagio, kwenye ujumbe wa simu, kwenye tamaa ya mtu mwenye madaraka, iacheni ipite.

Naomba pia mkusanyiko mmoja, mmoja tu, wa hadithi fupi za kutisha uwekwe kwenye orodha ya vitabu vya ziada vya sekondari. Uwe wa hadithi kamili, fupi, zilizohaririwa na watu wanaojua kazi. Waandishi msiwatafute vyuoni peke yake. Wapo kwenye simu, wanaandika saa sita za usiku baada ya kufunga genge, na wamekwisha kujifunza jambo ambalo wengi wetu tunaofundisha uandishi hatujajifunza, yaani kumfanya mtu asiache kusoma. Wapeni wahariri na malipo ya uhakika, muone kama hawatamaliza hadithi kwenye ukurasa wa tano.

Kwenu wa maktaba nina neno fupi. Mwalimu Nyerere alipofungua Maktaba Kuu pale Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, siku ileile ya sherehe za uhuru, hakuna aliyekusudia liwe jengo la kujisomea mitihani. Leo ukiingia maktaba zetu nyingi za mikoa utawakuta vijana wamejaa, na karibu wote wameleta madaftari yao wenyewe. Rafu ya hadithi inapata vumbi kwa sababu iliyomo haikuchaguliwa kwa ajili yao. Wekeni rafu moja ya hadithi za kutisha karibu na mlango, ambapo mnaweza kuiona, kisha hesabuni wenyewe vitabu vilivyoazimwa mwisho wa mwezi. Vitakavyochakaa mapema ndivyo mnunue tena.

Wazazi wenye imani zao wana haki ya kuuliza watoto wao wanasoma nini. Kwetu Tanga mzazi Mwislamu na mzazi Mkristo wote wamewahi kuja shuleni kuniuliza. Nilichofanya ni kuwapa hadithi wakae waisome, maana nyingi huisha kabla chai haijapoa. Mzee mmoja, mwalimu wa madrasa, alisoma ya ufagio, akanirudishia kaunta buku na kusema majini ameyasoma katika Qur'ani kabla yangu, kwa hiyo nisimtishe, ila huyo mwenye nyumba amtafutie polisi. Mwingine alisema hataki mtoto wake asome, na mtoto wake hasomi. Hilo nalo ni sawa. Klabu ni ya hiari.

Kuhusu kasha letu, bado liko, limefungwa, na funguo si yangu tena. Naomba anayehusika aniandikie barua yenye majina ya hadithi zilizokatazwa na sababu ya kila moja. Ikiwa hakuna hadithi inayoweza kutajwa, naomba funguo irudi kwa wanafunzi wa klabu muhula utakapofunguliwa. Wanaohitaji kuzisoma kwanza waje siku yoyote ya Alhamisi baada ya vipindi. Tutawapa madawati ya mbele. Majibu nitayapokea kwa njia yoyote itakayowafaa, mradi yawe kwa maandishi.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa Kiswahili, Tanga